Maboksi Kumi na Moja ya Vina

11 Machi

Mvua imeanza. Si manyunyu ya kudanganyia, hii ni yenyewe. Imegonga mabati tangu alfajiri, na nilipofika kiwandani viatu vyangu vilikuwa vinalia kama chura. Fundi Mitambo akaniambia, "Bi Nukta, leo umekuja na bwawa lako?"

Nimeanza daftari hili kwa sababu Mwalimu ameniambia kwamba mtu anayekaribia kumaliza kazi kubwa aweke kumbukumbu za siku zake. Nami Mwalimu akisema jambo huwa nalifanya. Basi niieleze kazi yenyewe, hata kama msomaji ni mimi peke yangu.

Tunachapa kadi: za pongezi, za pole, za kumtakia mgonjwa afueni. Mimi ni msahihishaji, ndiyo maana wananiita Bi Nukta. Miaka kumi na tisa iliyopita Bosi aligundua kwamba wateja wanapenda kadi yenye mishororo minne ya Kiingereza ndani, na kwamba mtu pekee humu anayeweza kuitunga ni mimi. Kutunga si kazi, kazi ni vina. Ukishaandika heart mwisho wa mshororo, lazima ujue mapema utatokea wapi: part, start, cart, ama urudi nyuma uanze upya. Nikaanza kuandika kila neno kwenye kadi tupu zilizokatwa vibaya na mashine, na chini yake vina vyake vyote ninavyovisikia redioni, ninavyoviokota magazetini, vinavyonijia nikifua. Wino wa bluu ni kina kamili. Wino mwekundu ni kina nusu, kile kinachofanana lakini hakifiki. Sivipangi makundi. Naviandika kwa jinsi vinavyokuja, bluu na nyekundu mstari mmoja, rangi ndiyo inayosema.

Leo nina kadi elfu sita na ushei katika maboksi kumi na moja ya viatu, zimepangwa kwa alfabeti. Mwaka huu zitakuwa kitabu. Nimesema.

12 Machi

Mvua. Neno la leo ni river. Vina vingi, sikuchoka.

15 Machi, Jumapili

Mwalimu alikuja saa nne kama kawaida. Ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Alikuja kiwandani miaka miwili iliyopita kununua kadi ya pole, akasoma ubeti wangu, akauliza nani katunga. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kuuliza. Tangu hapo kila Jumapili huja nyumbani, hukaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, huchukua boksi moja na kusoma kadi kwa sauti huku mimi nikiongeza na kusahihisha.

Leo tulikuwa kwenye S. Akasoma sister. Mister, blister, twister, hizo bluu. Whisper, listen, picture, hizo nyekundu. Akasema, "Hii blister ni nzuri sana. Uliitoa wapi?"

Nikamwambia aliniletea mdogo wangu, alipokuwa na miaka kumi na tano. Nilimlea mwenyewe baada ya wazazi wetu kufariki, na jioni alikuwa akiosha vyombo huku akinirushia vina kutoka jikoni. Vingine vya hovyo kabisa, vingine dhahabu.

Mwalimu akageuka kumwangalia. Mdogo wangu alikuwa analeta chai. Akaweka vikombe mezani kwa kishindo hadi chai ikamwagika kwenye sahani, akaondoka bila neno.

Mwalimu alipoaga nikamgombeza. "Mgeni hupokewa hivyo?"

"Mgeni gani wa kila Jumapili, dada? Yule ana maneno matamu kuliko hiyo chai yangu. Mimi simpendi."

"Humpendi kwa sababu hujui kazi yake."

"Namuona kwa macho yangu. Akishika boksi hashiki kama mtu anayesoma, anashika kama anayepima uzito."

Nimelala nimemkasirikia.

18 Machi

Mvua. Bosi kanuna. Umeme ulikatika mara tatu, Fundi Mitambo kaapa mara nne.

22 Machi, Jumapili

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Mwalimu anamfahamu mchapishaji wa vitabu wa mji mwingine. Amesema atamwandikia. "Jina lako litakaa juu ya jalada, kwa herufi kubwa. Watoto wa shule watalijua." Nimejichekesha mbele ya kioo nikilisema jina langu kwa sauti ya mtangazaji. Mtu wa miaka hamsini na moja!

29 Machi, Jumapili

Mdogo wangu leo kamkaribisha Mwalimu kwa tabasamu. Akampa taulo ajifute mvua. Wakapiga soga za kazi, yeye akimweleza jinsi duka la fotokopi na taipu anakofanya kazi linavyomchosha, bosi wake kisirani, mshahara mdogo kwa kusimama kutwa. Mwalimu akamsikiliza kwa utulivu wake ule. Mimi nilikuwa naandika, lakini masikio yalikuwa huko, na moyo wangu ulitulia. Watu wawili ninaowapenda wameelewana hatimaye.

3 Aprili

Shangazi kaanguka bafuni, kavunjika nyonga. Naondoka kesho asubuhi kumuuguza. Nimemwachia mdogo wangu funguo na neno moja tu: dari ya chumbani inavuja pembeni, maboksi yangu yasinyeshewe.

"Dada, nenda salama," kasema. "Maboksi yako ni maboksi yangu."

14 Aprili

Nimerudi. Shangazi anaendelea vizuri, ulimi wake haukuvunjika popote.

Nilifungua mlango wa chumba nikasimama. Maboksi yote kumi na moja yameondolewa sakafuni, yamepangwa juu ya meza mbili, yamefunikwa nailoni mpya iliyobanwa pembeni kwa vibanio vya nguo. Hakuna tone lililoingia. Nilikaa kitandani nikalia. Nimemlea mtoto huyu kwa fimbo na kwa maneno makali kuliko ilivyostahili, naye ameyatunza makaratasi yangu kama mtoto mchanga.

Jioni nimemnunulia viatu vya mvua, vile virefu vya kijani alivyokuwa akivitolea macho dukani. Alivipokea akaangalia chini. Akasema, "Usingenunua, dada." Nikadhani ni aibu.

16 Aprili

Boksi la B lina kadi zilizovurugika mpangilio. Bread imekaa baada ya bring. Uzee unanijia, nazirudisha vibaya sasa.

19 Aprili, Jumapili

Mvua. Mwalimu hakuja. Ametuma ujumbe kwamba ana mafua.

26 Aprili, Jumapili

Mwalimu hakuja. Mafua.

3 Mei, Jumapili

Hakuja. Mafua gani haya? Nilitaka nimpelekee tangawizi, mdogo wangu akasema, "Mwache apumzike, dada," haraka mno.

8 Mei

Mdogo wangu kapata kazi! Katibu muhtasi katika shule mpya ya binafsi, ataanza katikati ya mwaka, na nyumba ya kukaa atapewa hukohuko. Nilimkumbatia hadi akasema namvunja mbavu. Nikamuuliza kaisikiaje nafasi hiyo. "Kuna mtu kanielekeza." Sikuuliza zaidi. Nimefurahi kiasi kwamba sikusahihisha chochote cha maana leo.

10 Mei, Jumapili

Mvua. Hakuja.

20 Mei

Naandika saa nane mchana, nimekaa jikoni.

Asubuhi Bosi aliniwekea bunda la kurasa mezani. Mchapishaji wa mji mwingine mashine zake zimeharibika, ametuletea kitabu tumchapie, na anakitaka kabla ya muhula. "Pitisha jicho, Bi Nukta. Ni mambo yako haya haya ya Kiingereza."

Ukurasa wa kwanza: Hazina ya Vina vya Kiingereza. Chini yake jina la Mwalimu.

Kwanza nilitabasamu. Naapa. Nilidhani ni utangulizi, nikafungua ukurasa wa pili kulitafuta jina langu. Utangulizi unasema hii ni kazi ya miaka mingi ya upweke na subira. Nikafungua A. Kisha nikafungua B, H, na S, na kila nilipofungua nilijikuta. Vina vyangu, kwa mpangilio wangu, vilivyonijia nikifua. Hata kile kina cha ovyo cha bucket nilichokiandika kwa kumtania Fundi Mitambo kipo.

Na vyote vimechanganyika. Kitabu kina safu moja tu, imeandikwa juu yake VINA KAMILI. Chini ya sister wamekaa mister, whisper, blister, listen, twister, picture, kama watoto wa tumbo moja. Nikavitazama kwa muda mrefu. Mtu anayejua vina hawezi kuandika hivyo. Mtu aliyekuwa na kadi zangu mkononi pia hawezi, kwa sababu rangi ingemwambia. Aliyeandika hivyo alikuwa na kopi. Fotokopi nyeusi, ambamo bluu na nyekundu ni kitu kimoja.

Sikumwambia Bosi kitu. Nilichukua mwamvuli nikaenda kwenye duka la fotokopi na taipu, mvua ikininyeshea ubavuni.

Kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni. Nilipita mbele yao. Nikaweka mkono juu ya mashine, ilikuwa ya moto.

"Ni hii?" nikamuuliza.

Mdogo wangu alinitazama usoni akajua. "Dada, ngoja nimalizie mteja."

Nami nikangoja! Nilisimama nikamtazama akipiga kopi za vyeti vya mtu, akizipanga, akizibana pini, akirudisha chenji. Kisha akanivuta nyuma ya pazia penye katoni za karatasi.

"Nilizileta boksi mojamoja, ulipokuwa kwa shangazi," akasema. "Mwalimu alisema anataka akufanyie mshangao. Kwamba wewe hutamaliza kamwe, kila siku unaongeza kadi moja, na kwamba ukikifungua kitabu kimekwisha utalia kwa furaha."

"Na jina lake uliliona lini?"

Akashika katoni moja kuisogeza.

"Nakuuliza. Jina lake juu ya kazi yangu uliliona lini?"

"Mwisho wa Aprili."

"Kazi ya ukatibu ulipewa lini?"

"Mei hii. Mwalimu ndiye mkuu wa shule hiyo," akasema. Ile shule mpya ilikuwa inatafuta mkuu aliye na kitabu. Sasa imempata, na mkuu kaja na katibu wake. Wiki tatu alikula na mimi meza moja, akaniambia mwache apumzike. Nilimkumbatia kwa ajili ya malipo ya kuniuza.

"Ulisema yule anapima uzito," nikamwambia. "Uliona kabla yangu."

"Nina miaka thelathini na nne, dada. Nalala chumba kimoja na maboksi ya viatu. Hukuwahi kuniuliza kama nimechoka."

Hilo ni kweli, sikuwahi. Lakini mtu aliyechoka husema amechoka. Nilitoka. Nimekaa hapa tangu wakati huo, na kitu kinachoniumiza kuliko vyote ni ile nailoni. Nililia kwa shukrani mbele ya kazi ya mwizi wangu.

21 Mei

Mvua. Hatusemezani.

23 Mei

Nimemmwagia Bosi kila kitu na nimempelekea boksi la S alione. Ni mtu wa kupenda utulivu, lakini si mtu mbaya. Akakuna kichwa. "Kadi ni mwandiko wako, hilo halina ubishi. Nitamwita mchapishaji na huyo Mwalimu. Ila watasema kuandika si kutunga. Unaye shahidi?"

"Ninaye mmoja tu."

Nyumbani nimemwambia mdogo wangu. Sikumlilia wala sikumtisha. Nimesema, "Alhamisi njoo kiwandani useme ulichofanya na kwa ajili ya nani. Useme tu ukweli. Jina langu lirudi juu ya kitabu, mengine yote nitayameza." Akalia sana. Akasema atakuja. Nikampikia.

25 Mei

Jua kidogo asubuhi. Tumekunywa chai pamoja. Kaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akipiga kelele za vina akiosha vyombo. Nakumbuka kila kimoja, nikamwambia.

28 Mei

Mchapishaji ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mtu wa haraka, wa haki kwa jinsi nilivyomwona. Mwalimu alikuja na suti. Hana mafua. Alinisalimia kwa mikono miwili, "Dada yangu," nikaiacha mikono yake hewani.

Mama alichukua kadi moja akailinganisha na ukurasa. "Maneno ni yaleyale," akasema. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu. Wote, miaka kumi na tisa."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, mtu angedhani ananililia msiba. "Mwandiko ni wake, sikatai. Mimi macho yangu ni mabovu. Nilikuwa nikimsomea, yeye akiandika. Nimemshukuru ukurasa wa tano."

Kweli kanishukuru. Nimo pamoja na mpiga chapa na daktari wake wa macho.

Bosi akasema, "Yupo mtu anayeishi nyumba moja na Bi Nukta." Akafungua mlango.

Mdogo wangu aliingia amevaa vile viatu vya kijani. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama akamuuliza kwa upole: hizi kadi ni kazi ya nani?

Alinitazama. Nilimtikisia kichwa kidogo, kumpa moyo, jinsi nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa akisimama mbele ya darasa kusoma.

Akasema, "Mwalimu alikuwa akija kila Jumapili. Yeye anasoma, dada anaandika."

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu zamani. Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki vizuri."

"Na neno lolote alilitunga dada yako?"

"Sijui mambo ya vina, mama. Mimi ni mtu wa fotokopi."

Kila alichosema mwanzo kilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana kilinimaliza. Mwalimu alisoma, ndiyo. Niliandika, ndiyo. Sikubisha. Si kwamba sikuwa na hoja. Ningeweza kumwambia mama ampe Mwalimu vina ishirini vya kitabuni, bila kadi, atenganishe kamili na nusu hapohapo. Lakini kubisha maana yake ilikuwa kumwita mdogo wangu mwongo mbele ya watu, na mdomo wangu ulikataa. Nilimfundisha mwenyewe kusema ukweli, nikashindwa kusema kwamba anadanganya.

Mama akafunga faili. "Basi sina la kufanya."

Mwalimu alimshika mdogo wangu bega wakitoka. Sikulia. Nilirudi mezani nikasahihisha kadi sita za pongezi.

29 Mei

Mvua.

30 Mei

Mvua.

2 Juni

Mama mchapishaji kampigia Bosi simu. Kagundua kwamba kitabu kinadai vina kamili ambavyo si kamili, na anaomba "yule dada msaidizi" avitenganishe. Siku nne, malipo ya ziada. Nimemwambia Bosi, "Kwani mtunzi hayupo?"

Mwalimu mwenyewe akapiga, sauti ya asali. "Dada yangu, tusiiache kazi yetu iharibike."

"Tazama kopi zako, Mwalimu."

"Kopi hazina rangi."

"Basi soma kwa sauti usikilize."

Akasema, "Ni maneno elfu sita."

"Najua ni mangapi," nikasema, nikakata.

Ningeweza kuvitenganisha macho yakiwa yamefumbwa, na mikono iliniwasha kutwa. Kuiona kazi yako ikitoka mlangoni imevaa nguo kinyumenyume si jambo dogo. Lakini sikugusa.

9 Juni

Kimechapwa vilevile, muhula haumsubiri mtu. Fundi Mitambo aliniletea nakala ya kwanza, karatasi bado ina joto. "Nichome zote, Bi Nukta? Useme tu, nitasingizia umeme." Nilicheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Nikamwambia amalizie kazi yake.

12 Juni

Mvua imepungua. Mdogo wangu anafunga mizigo. Sijamsaidia wala sijamzuia.

14 Juni, Jumapili

Anaondoka kesho. Asubuhi nilikuwa navaa niende kiwandani, tuna kazi ya haraka hata Jumapili, akaja na fomu ya shule. Akaiweka mezani mbele yangu na kalamu juu yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Pale chini tu, dada. Weka sahihi."

Nikasoma. Mimi kila karatasi naisoma, ndiyo kazi yangu. Sehemu ya mwisho: ndugu wa kuarifiwa mfanyakazi akiugua, akipata ajali au akifariki. Alikuwa ameshaandika jina langu. Majina yote matatu, kwa herufi kubwa, hajakosea hata moja. Mbele yake kaandika: dada, mlezi.

Niliangalia jina hilo kwa muda. Sikuwa nimeliona limeandikwa vizuri hivyo popote.

"Siku ile mama mchapishaji alikuuliza," nikasema. "Alitaka jina moja tu."

"Dada, naomba."

Nikachukua kalamu nikapiga mstari juu yake, mmoja, ulionyooka, nikaandika pembeni alama ya kufuta kama ninavyofanya kazini. Nikamrudishia.

"Sasa niandike nani?" akauliza.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Wazazi wetu hawapo, shangazi hawezi hata kufika mlangoni. Alikaa kwenye kiti, kalamu mkononi, akiitazama nafasi ile, na nikaona machoni mwake kwamba anapita watu wote anaowajua mmojammoja.

Nilimwacha pale mezani nikaenda kazini. Njia nzima nilikuwa nataka kurudi. Sikurudi.